Namna ya Kumpiga Picha Mbwa Wako: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Simu na Mwenye Kamera

Picha nyingi za mbwa huharibika kabla kitufe hakijabonyezwa. Mwenye mbwa husimama wima katikati ya ua saa saba mchana, akaielekeza simu chini, akaita jina la mbwa mara tano mfululizo, na anachokipata ni kichwa kikubwa juu ya vijiguu vidogo, macho yaliyomezwa na kivuli, na mkia usioonekana vizuri kwa sababu mbwa alikwisha kuanza kumjia ili amlambe. Kamera ya bei kubwa haitibu hata moja kati ya kasoro hizo. Zinatibika kwa maandalizi: saa inayofaa, mahali panapofaa, na mbwa ambaye hajalazimishwa. Mwongozo huu umeandikwa zaidi kwa ajili ya mtu mwenye simu ya kawaida na mbwa wa nyumbani, awe wa kienyeji au wa asili ya nje, katika nyumba yenye ua, baraza na geti. Mwenye kamera atakuta maelezo yake mahali yanapohitajika.

Hatua ya 1: Chagua saa na mahali pa mwanga

Karibu na ikweta jua halipandi kwa kusitasita. Iwe Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi au Kampala, huchomoza kati ya saa kumi na mbili kasoro dakika chache na saa moja asubuhi mwaka mzima, kisha hupanda karibu wima, kwa kiasi cha nyuzi 15 kila saa au pungufu kidogo, hata ikifika saa tatu limekwisha kuwa kali na vivuli vimekuwa vyeusi. Mwanga laini wa rangi ya dhahabu, ambao wapiga picha wa Ulaya huufaidi kwa muda mrefu jioni za kiangazi, sisi tunaupata kwa muda mfupi tu baada ya macheo na kabla ya machweo. Kwa sababu hiyo mbwa awe ameshatembezwa, ameshakunywa maji na ameshafutwa tongotongo kabla ya mwanga huo kufika. Kwa jioni, anza kujiandaa saa kumi na moja, kwa kuwa ukianza kutafuta kamba ya mbwa saa kumi na mbili, jua litazama ukiwa bado unahangaika.

Ukilazimika kupiga mchana, usimweke mbwa juani, wala usimweke chini ya mti wenye majani machache, kwani madoa ya jua yanayopenya kwenye majani humfanya mbwa wa rangi ya kahawia aonekane kama chui. Tafuta kivuli kizima kilicho jirani na mwanga, na katika nyumba zetu mahali bora pa namna hiyo ni baraza. Mkalishe mbwa ndani ya kivuli, hatua moja kutoka ukingo wake, uso wake ukielekea uani. Wewe kaa upande wa uani, ukiwa umeupa mgongo mwanga. Sasa yatazame macho yake kwa karibu. Ndani ya kila jicho utaona kipande kidogo cheupe, ambacho ni mbingu inayoakisiwa. Kipande hicho ndicho kinachoyafanya macho yaonekane hai katika picha. Kisipoonekana, mgeuze mbwa kidogo kidogo mpaka kijitokeze, hata kama itabidi kuachana na upande uliokuwa umeupenda.

Ardhi nayo hurudisha mwanga, pamoja na rangi yake. Mchanga mweupe wa pwani huangaza kidevu na kifua kutokea chini, na ni msaada mkubwa kwa mbwa mwenye uso mweusi. Udongo mwekundu hutia wekundu unaopendeza kwa mbwa wa kahawia lakini humchafua mbwa mweupe, na majani mabichi hutia ukijani chini ya shingo. Ukuta au uzio wa mabati yaliyopakwa rangi ya buluu ni adui wa mbwa mweupe, maana manyoya yake huchukua ubuluu huo na ni kazi kuuondoa baadaye. Kama ardhi ni ya giza, tandika shuka jeupe mbele ya mbwa, nje kidogo ya eneo la picha, na utaona kivuli cha chini ya macho kikipungua.

Siku za mawingu zisidharauliwe. Wakati wa masika, na katika miezi ya baridi ya Nairobi kuanzia Juni hadi Agosti, wingu husambaza mwanga kiasi kwamba mtu anaweza kupiga picha nzuri hata saa sita mchana. Mimi, kama ningelazimika kuchagua, ningechukua asubuhi yenye mawingu mepesi kuliko jioni yenye jua kamili, hasa kwa mbwa mwenye mabaka meusi na meupe.

Jambo moja la usalama liende pamoja na mwanga: joto. Mbwa hupoza mwili wake hasa kwa kuhema, na nyayo zake huungua juu ya lami au sakafu ya saruji iliyopigwa na jua. Weka mgongo wa kiganja chako chini kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, mbwa asisimamishwe hapo.

Hatua ya 2: Mwandae mbwa, na uiandae mandhari

Mbwa asiyeifahamu kamera huiona kuwa ni jicho kubwa linalomkodolea, na kwa mbwa kukodolewa macho si jambo la kirafiki. Kwa siku chache kabla ya kupiga picha unazozitaka, toa simu au kamera wakati wa kucheza naye, iweke chini aje ainuse, bonyeza kitufe mara moja moja huku ukimpa kitu kitamu. Wengi huruka hatua hii, kisha wakalaumu tabia ya mbwa.

Zawadi iwe ndogo, laini na isiyomchukua muda kutafuna: kipande cha ini lililochemshwa chenye ukubwa wa punje ya hindi, au dagaa mmoja mmoja. Vitu vikavu vinavyomfanya atafune muda mrefu huharibu picha, kwa sababu mdomo haukai sawa. Chokoleti, vitunguu na zabibu ni sumu kwa mbwa, na mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali. Vyote hivyo viwekwe mbali.

Mtembeze au cheza naye kiasi cha nusu saa, kisha mwache apumzike hadi kuhema kwa nguvu kupungue. Mbwa mwenye nguvu zote hatulii, na mbwa aliyechoka kabisa hulala. Hali unayoitafuta iko katikati, ambapo mdomo umefunguka kidogo, masikio yamelegea na macho yangali yanafuatilia mambo.

Wakati anapumzika, zunguka eneo na uliangalie kwa jicho la kamera. Ndoo, kandambili, kamba ya nguo, jiko la mkaa na bomba la maji huwa hatuvioni kwa kuwa tumevizoea, lakini katika picha huwa vya kwanza kuonekana. Nguzo au shina la mti lisitokeze juu ya kichwa cha mbwa. Msogeze mbwa mbali na ukuta, mita tatu au zaidi ikiwezekana, ili kilicho nyuma yake kififie. Si kila kitu lazima kiondolewe, hata hivyo. Kama mbwa wako hulala kila siku mbele ya geti la chuma lililochubuka rangi, geti hilo ni sehemu ya maisha yake, na picha isiyo nalo itakuwa na upungufu. Kosa ni kitu kuingia kwenye picha bila wewe kukiamua.

Kuhusu mavazi: mkanda wa shingoni ulio safi na wa rangi moja unatosha. Miwani, kofia na fulana za mbwa humchekesha mtazamaji mara moja, na wakati huo mbwa mwenyewe anashughulika kuvivua.

Hatua ya 3: Shuka hadi usawa wa macho yake

Kama ungetekeleza ushauri mmoja tu kutoka mwongozo huu, uwe huu. Lenzi ikiwa katika usawa wa macho ya mbwa, mtazamaji hukutana naye uso kwa uso, miguu hurudi katika urefu wake wa kweli, na mandhari ya nyuma huwa ni miti na mbingu badala ya sakafu. Elliott Erwitt, mpiga picha wa Marekani aliyeishi kuanzia 1928 hadi 2023, alijijengea sehemu kubwa ya jina lake kwa picha za mbwa zilizopigwa hivyo. Katika picha yake ya New York ya mwaka 1974, kamera iko chini karibu na lami, mbwa mdogo wa aina ya chihuahua aliyevalishwa kofia ndiye anayeonekana mzima, mwanamke aliye katikati anaonekana kwa viatu vyake virefu tu, na upande wa pili kuna miguu ya mbele ya mbwa mkubwa. Mbwa mdogo ndiye mwenye picha, kwa sababu kamera imechukua kimo chake.

Piga magoti juu ya mkeka, kaa chini, au lala kifudifudi kama mbwa ni mfupi. Mwenye simu ana njia rahisi zaidi: igeuze simu juu chini, lenzi iwe upande wa chini karibu na ardhi, na picha yenyewe itajigeuza. Asiyeweza kuinama kwa sababu ya umri au maumivu ya mgongo anaweza kumpandisha mbwa badala yake, kwa kumkalisha kwenye ngazi ya baraza au juu ya ukuta mfupi, mradi mbwa awe na uhakika wa pale alipo na mtu awe karibu asije akaruka vibaya.

Hapa ndipo tatizo kubwa linapozuka. Kwa mbwa, mtu aliyechuchumaa anamwita. Ukishuka tu, naye anakuja, na pua yenye majimaji inagota kwenye lenzi. Tiba ya kudumu ni kumfundisha kukaa juu ya mkeka au gunia maalumu: mpe zawadi kila anapolikanyaga, kisha anapokaa juu yake, kisha anapobaki huku wewe ukirudi nyuma hatua moja, halafu mbili, halafu tano. Kwa mbwa wengi kazi hii huhitaji dakika chache kila siku kwa muda wa wiki moja au mbili. Tiba ya haraka ni msaidizi anayeshika kamba akiwa pembeni, nje ya picha. Kamba nyembamba ikilala chini upande mmoja ni rahisi kuifuta baadaye kwa programu ya kuhariri, kuliko kumtafuta mbwa aliyekimbilia kwa jirani.

Usimkaribie mno. Ukiwa nusu mita kutoka kwenye uso wake na lenzi pana ya simu, pua hukua, masikio hurudi nyuma, na sura ya mbwa hugeuka ya mbwa mwingine. Rudi nyuma mita mbili, kisha utumie lenzi ya 2x au 3x, yaani ya kuvuta karibu mara mbili au tatu, kama simu yako inayo. Kama haina, piga ukiwa umbali huohuo na upunguze kingo za picha baadaye. Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi ataona kwamba lenzi ya milimita 50 inatosha kwa mbwa aliyetulia, na 70 hadi 200 inafaa uwanjani.

Hatua ya 4: Panga simu au kamera

Kwa simu, anza kwa kufuta lenzi. Hili linaonekana dogo, lakini simu iliyokaa mfukoni na kulambwa na mbwa hutoa picha zenye ukungu ambao watu huudhania kuwa udhaifu wa kamera. Zima flashi. Washa mistari ya gridi. Gusa jicho la mbwa kwenye kioo cha simu na ushikilie kidole. Katika simu nyingi fokasi, yaani mahali picha inapokuwa kali, na kiasi cha mwanga hufungwa hapo, na alama ya jua hutokea kando ambayo unaweza kuivuta juu kuongeza mwanga au chini kuupunguza.

Jifunze kupiga picha za mfululizo kwa simu uliyonayo. Katika iPhone kitufe cha kupigia huburutwa kuelekea kushoto. Katika simu nyingi za Samsung huburutwa kuelekea ukingo wa chini. Nyingine hutaka kidole kishikiliwe tu. Mbwa hubadilisha sura haraka kuliko kidole cha binadamu, na kati ya picha kumi za mfululizo moja huwa na masikio yaliyokaa vizuri.

Hali ya picha yenye mandhari iliyofifishwa itumike kwa tahadhari. Simu hukisia ukingo wa mbwa uko wapi, na mara nyingi hukata sharubu na nywele za masikioni, au kulifuta sikio moja pamoja na majani. Hufanya kazi vizuri zaidi kwa mbwa mwenye manyoya mafupi aliye mbali na vitu vingine. Hali ya usiku nayo hukusanya mwanga kwa muda mrefu, kwa hiyo mbwa akipumua tu, kifua chake huonekana kimetikisika.

Kwa kamera, kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, ndiyo inayoamua mambo. Mbwa aliyekaa anahitaji angalau 1/250 ya sekunde, kwa sababu hata akiwa ametulia huzungusha kichwa ghafla; anayecheza anahitaji 1/500 hadi 1/1000; anayekimbia kukujia, 1/1000 hadi 1/2000. Acha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande inavyotakiwa. Picha yenye chembechembe bado ni picha, ilhali picha iliyotikisika haisaidiwi na chochote. Tundu la lenzi, ambalo hupimwa kwa namba za f (namba ndogo ni tundu kubwa), lisifunguliwe hadi mwisho bila kufikiri. Mbwa mwenye pua ndefu akipigwa kwa f/1.8 kutoka karibu, pua huwa kali na macho hufifia, au kinyume chake. F/4 au f/5.6 humtosha mzima. Chagua fokasi inayofuata mwendo bila kukoma, na kama kamera yako inatambua macho ya wanyama, uwezo ambao Sony iliuleta katika kamera zake mwaka 2019 na ambao kampuni nyingine nazo sasa zinao, uwashe. Hukosea mara kwa mara kwa mbwa mweusi mwenye macho meusi, na hapo itakubidi kuchagua nukta ya fokasi mwenyewe.

Hatua ya 5: Mbwa mweusi na mbwa mweupe

Sehemu hii ndiyo inayowatesa watu wengi, na inahitaji kueleweka badala ya kukaririwa. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kwamba kila kinachokiona, kwa wastani, ni cha kijivu cha katikati. Ukilijaza eneo lote la picha kwa mbwa mweusi, kamera huona giza, huongeza mwanga, na mbwa wako hutoka wa kijivu kilichopauka. Ukilijaza kwa mbwa mweupe, huona mwanga mwingi, huupunguza, na mbwa hutoka mchafu. Basi kwa mbwa mweusi aliyejaza picha punguza mwanga kwa theluthi mbili hadi kipimo kizima kwenye alama ya + na −, na kwa mbwa mweupe ongeza kiasi hichohicho.

Mambo hugeuka pale mbwa anapokuwa sehemu ndogo ya picha. Mbwa mweusi aliyesimama ufukweni mbele ya mchanga mweupe na mbingu angavu hatatoka wa kijivu. Atatoka kivuli kitupu kisicho na macho, kwa kuwa kamera imeufuata mchanga. Hapo unaongeza mwanga, hata kama mbingu itapauka. Mbwa mweupe mbele ya kichaka cheusi huungua, manyoya yakawa doa lisilo na unywele hata mmoja, na hapo unapunguza. Kati ya makosa hayo mawili, lisilosameheka ni la kuunguza weupe. Kivuli kinaweza kuinuliwa kiasi katika kuhariri, lakini weupe ulioungua hauna kitu ndani yake cha kurudisha.

Kwa mbwa mweusi, namba peke yake haitoshi. Manyoya meusi huonekana kwa mng'ao wake, na mng'ao hutokea pale mwanga unapomwangukia kwa upande. Mgeuze mpaka uone mstari wa mwanga ukipita juu ya bega, shavuni na kwenye mfupa wa juu ya jicho. Umbo lote hujichora hapo. Mpanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ukifuata mlalo wa manyoya, maana vumbi huua mng'ao huo. Nyuma yake pawe na rangi ya kati, mathalani majani yaliyo mbali au ukuta wa rangi ya udongo. Ndani ya baraza penye giza, ambako mbwa wa kahawia hupendeza sana, mbwa mweusi hupotea na kubaki macho mawili.

Hatua ya 6: Pata sura unayoitaka

Jina la mbwa ni chombo kinachochakaa haraka. Ukiliita bila sababu mara nyingi, huacha kugeuka, na ni haki yake. Tumia sauti ambazo hakuzitarajia: karatasi ya biskuti ikikunjwa, funguo zikitikiswa, bakuli lake likigongwa kwa kucha, au mlio mwembamba wa mdomo. Kila sauti hufanya kazi mara mbili au tatu, kisha huzoeleka, kwa hiyo iweke akiba, na uitoe pale tu simu inapokuwa tayari na kidole kiko kwenye kitufe. Erwitt alikuwa akiwabwekea mbwa ili apate walichokifanya baada ya hapo; si lazima ufike huko, lakini kanuni ni ileile.

Msaidizi asisimame popote anapotaka. Akiwa kando, mbwa atatazama kando. Anatakiwa kuwa nyuma ya bega lako, akishika zawadi juu kidogo ya lenzi, na mtu mmoja tu ndiye atoe sauti. Familia nzima ikiita kwa pamoja, mbwa hupiga mwayo na kugeuza kichwa. Na zawadi iliyoonyeshwa lazima itolewe. Mbwa aliyedanganywa mara mbili hamwangalii tena mwenye kamera.

Kupiga mwayo ambako si kwa usingizi, kulamba midomo mara kwa mara, kuepusha uso, weupe wa jicho kuonekana pembeni, na mkia kuingia kati ya miguu ni ishara kwamba amechoshwa au ana hofu. Acha hapohapo. Kwa kawaida dakika kumi hadi kumi na tano kwa mara moja zinatosha. Angalia ishara hizo kwa makini zaidi mtoto anapopigwa picha pamoja na mbwa: wakae ubavu kwa ubavu, mtoto asimkumbatie shingoni, na mtu mzima awe umbali wa kunyoosha mkono.

Mbwa akitazama upande, acha nafasi mbele ya macho yake. Usikate miguu kwenye vifundo. Ama ichukue yote, ama kata juu zaidi, kifuani. Na usisahau vipande: sikio lililochanika zamani, nyayo zenye vumbi, mvi za mdomoni kwa mbwa mzee. Picha za namna hiyo huhitaji mwanga wa dirisha tu na mbwa aliyelala, na mara nyingi hushinda picha zilizopangwa kwa jasho.

Hatua ya 7: Mbio

Fanya kazi hii mahali palipozungushiwa uzio. Msaidizi amshike mbwa umbali wa mita 20 au 30, wewe ulale chini upande wa pili, kisha umwite. Ataelekea kwako kwa mstari ulionyooka, na hiyo ndiyo faida ya mpangilio huu: unajua atapita wapi. Anza picha za mfululizo mapema, akiwa bado mbali, kwa kuwa wanaoanza husubiri hadi mbwa ameijaza fremu na wakati huo fokasi imekwisha kuchelewa. Mwenye simu atafanikiwa zaidi mbwa akipita mbele yake kwa upande, huku akimfuata kwa kuzungusha kiuno, kuliko akija moja kwa moja. Katika kuchagua, tafuta picha ambayo miguu yote imenyooshwa au yote imekusanywa chini ya tumbo. Mikao ya katikati humfanya mbwa aonekane anajikwaa.

Ufukweni na kwenye viwanja vya wazi, nenda alfajiri na mbwa awe kwenye kamba watu wanapopita. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate na unyevu wa mbwa kuwa najisi yenye taratibu zake za kutwaharisha, na mbwa mwenye maji akimrukia mtu anayekwenda msikitini amemtia kazi kubwa. Wako pia wanaoogopa mbwa tu, na hawana deni la kueleza kwa nini.

Ndani ya nyumba na usiku

Ndani ya jicho la mbwa, upande wa nyuma, kuna tabaka linaloakisi mwanga ili aone vizuri gizani, na flashi ikilipiga moja kwa moja, macho hutoka ya kijani au ya manjano. Zima taa za juu, mlete karibu na dirisha au mlango ulio wazi, ubavu wake uelekee mwanga. Usiku usipige, isipokuwa kama una taa kubwa yenye kitambaa cha kuilainisha; kama huna, subiri asubuhi.

Kuchagua, kuhariri na kutunza

Futa siku hiyohiyo. Kuza kila picha hadi kwenye jicho, na jicho lisipokuwa kali, picha iondoke hata kama mkao ni mzuri. Zilizobaki zihariri kidogo tu, kwa programu ya bure kama Snapseed: nyoosha mstari wa ardhi, punguza kingo, ondoa ukijani au ubuluu, inua vivuli kiasi cha kuyaona macho, kisha acha. Mbwa mweusi akiinuliwa vivuli kupita kiasi hubaki wa kijivu, na kazi yote ya hatua ya tano imepotea. Ukituma kwa WhatsApp, chagua ubora wa HD au itume kama faili, kwa sababu njia ya kawaida huibana picha. Picha ya simu yenye megapikseli 12, yaani pikseli 4000 kwa 3000, inatosha kuchapishwa kwa upana wa sentimita 30 bila kupoteza ukali, ilimradi hujaikata sana.

Kabla hujafunga kazi, piga picha nyingine nne ambazo si za kupendeza: ubavu wa kushoto mzima, ubavu wa kulia, uso kwa mbele, na alama yoyote ya pekee, iwe baka, kovu au mkia uliokatika. Zipige kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, mbwa akiwa amesimama, na mojawapo iwe na mtu kando yake ili kimo kijulikane. Ziweke mahali unapoweza kuzifikia kwa simu yoyote, pamoja na picha ya kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa akipotea, hizo ndizo utakazozituma kwa majirani na kwa daktari wa mifugo. Kwa mtoto wa mbwa zipigwe upya kila mwezi hadi atakapofikisha mwaka, maana rangi na masikio yake yatakuwa yamebadilika.